Mstari Mtupu wa Bosi

Jumanne, Milanzi

Eti kosa ni langu! Wageni wa Dodoma walitaka ramani za mashamba ya Chala na Mwimbi tu. Bosi akachapa orodha ya majina, mimi nikaandika amri: kompyuta inakili kwenye flashi kila faili lenye jina lililomo kwenye orodha. Lakini bosi haandiki kitu bila kuacha mstari mtupu chini, wa sahihi. Na kwa mashine, mstari mtupu maana yake chukua yote.

Nimegundua wageni wakiwa wameshaondoka na flashi. Imebeba hadi nakala ya barua ya bosi ya kuomba uhamisho, yenye sahihi yake, ambamo ametuita sisi wafanyakazi wake mizigo.

"Mdogo wangu," bosi akanong'ona nilipomwambia. Leo ndiyo nimekuwa mdogo wake! "Umeisoma?"

Kazi naweza kupoteza, najua.

"Nimeisoma, mkuu. Sahihi imekaa vizuri kwenye mstari wake."