Doa la ukutani

Mwenzangu, uko wapi? 

Ile nyumba niliyopata kazi ya kupaka rangi ni ya mama yake Baba Nuru. Ndiyo, huyo huyo nabii aliyemchukua dada yangu akaishi na wafuasi wake! Picha yake iko sebuleni, na kanzu ile ile nyeupe.

Nikaingia chumba cha nyuma. Ukutani kuna doa jeusi la mafuta, usawa wa kiuno changu. Naanza kulisugua tu, bibi mwenye nyumba akapiga kelele: "Hapo usiguse!"

Nikamuuliza kuna nini.

"Hapo ndipo mwanangu alikuwa anaegemeza paji la uso. Baba yake akimsimamisha tangu asubuhi, anamwambia, utatoka ukimaliza kulia."

Utatoka ukimaliza kulia! Unakumbuka dada alipotoroka kule kambini kwake, miguu imevimba? Alisema Baba Nuru amewasimamisha yeye na wenzake ukutani siku mbili, na maneno yalikuwa hayo hayo. Hayo hayo, mwenzangu! Na bado akarudi kwake.

Nikamuuliza bibi, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Jikoni. Nilikuwa naongeza sauti ya redio."

Nimepaka chumba kizima, doa nimeliacha. Na yule mtoto nimemlilia. Mimi, niliyeapa kwamba huyo mtu akifa sitoi hata chozi, nimemlilia pale pale ukutani.

Lakini yeye alikua, akatoka. Dada yangu bado amesimama.