Wanakula Nini Watu wa Huko?

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Afya yako inaendeleaje huko Ujerumani? Sisi Mungu anatutunza, na mama yako ameshavuna mahindi.

Unasema bei ya nyanya huko ukiigeuza kwa shilingi inakutisha, ndiyo maana unalala na chai tu. Nilipokuwa binti nikiuza vitunguu Mikumi, dereva wa lori kutoka Zambia alinitajia bei ya vitunguu kwao, ghali mno. Nikamwonea huruma: “Sasa mnaishije, kaka?” Akacheka sana. “Dada, nani kakwambia kwetu tunashiba vitunguu? Dagaa ndio rahisi, tunajaza sahani!”

Basi waulize akina mama wa hapo wanapika nini wakiishiwa, nawe upike hicho. Mungu hajasahau kuwalisha watu wa huko. Nijibu upesi, uniambie umekula nini.

Bibi yako,
Kilosa