Duka la Popatlal

Mosocho, Novemba 1970

Mdogo wangu Walter,

Mkeo Gesare na watoto wamefika salama kutoka Kampala. Mama anafurahi, ila anauliza kila saa wewe utakuja lini. Mvua ni nzuri, na ndizi zipo.

Mkeo alitusimulia jinsi Wakenya mnavyofukuzwa kazini huko, na jinsi majirani zenu walivyopiga makofi alipokuwa akipakia magodoro. Nikasema, "Watu hao hawana utu."

Akatazama rafu za duka langu, kisha akauliza, "Shemeji, Popatlal alienda wapi?"

Walter, unamkumbuka huyo Mhindi. Alizaliwa hapa hapa Mosocho, na Kikisii alikiongea kama sisi. Leseni yake ilipofika mbele ya wakubwa, mimi ndiye niliyesimama barazani nikasema si raia, aondoke, duka lipewe mwananchi. Watu walinishangilia. Sikuwaambia kwamba sukari yake ilikuwa rahisi kuliko yangu na nilishindwa kushindana naye. Sasa niko peke yangu, nauza ghali, na akina mama wanatembea hadi Kisii mjini kununua.

Nilimjibu Gesare kwamba alienda Uingereza.

"Siku anapakia vitu vyake, nani alimsaidia?"

Siku hiyo nilisimama mlangoni nikingoja anipe ufunguo wa duka hili.

Njoo nyumbani, ndugu yangu. Ukiona sikutazami machoni, usidhani sijafurahi kukuona.

Ni mimi kakako,
Nyangau