Zipu ya Mgongoni

Jumapili, 5 Januari
Bwawani tena, mtaa wa Azaiba, kabla ya kazi; huku wiki ya kazi inaanza Jumapili. Somo la tatu. Suti kavu ya kuzamia haipitishi maji. Unatia hewa kidogo isikubane. Mie nimetia nyingi. Ikakimbilia miguuni, nikageuka kichwa chini miguu juu, mbele ya watu. Asya kajaribu mara moja tu, kaweza.

Asya ni binti wa ami yangu. Kazi hii ya utafiti wa bahari nilimtafutia mie, miezi minne iliyopita. Sasa ofisi inampeleka mtu mmoja Norwe, kuzamia kwenye maji baridi. Nafasi moja. Tuko wawili.

Jumanne, 7 Januari
Nimegeuka tena. Mwalimu Khalfan kasema nna haraka. Asya kamwambia kitu, wakacheka. Nna wivu. Basi, nimeliandika.

Ijumaa, 10 Januari
Chakula cha mchana kwa mama, mtaa wa Ansab. Ami kamsifu bintiye tangu biriani mpaka halua. Mimi hakuniuliza hata neno. Asya kanifuata jikoni.

"Da Zuwena, kesho usiniache mbali. Bahari naiogopa."

Nikaendelea kuosha vyombo. Kila kitu anacho, na bado ananitaka mie nimlinde.

Jumamosi, 11 Januari
Mara yetu ya kwanza kuzamia baharini.

Zipu ya suti iko mgongoni, bega hadi bega. Hujifungi mwenyewe, mwenzio ndiye anayekufunga. Nilimfunga Asya. Ikabaki wazi kama upana wa kidole. Niliiona. Mkono wangu ulikuwa bado juu yake. Nikampiga begani.

"Tayari."

Mita sita chini akaanza kutapatapa. Maji yalikuwa yamemjaa suti nzima, miguu mizito kama magunia. Khalfan akamkamata, akampandisha. Mie nilibaki nimeganda, natazama.

Botini Asya meno yalikuwa yanamgongana. Khalfan kauliza zipu ilikuwaje. Asya kamjibu haraka, "Kosa langu, mwalimu. Nilijinyoosha, labda ikafunguka."

Anaamini hivyo.

Nilitaka aaibike. Sikutaka afe. Yote mawili kweli.

Jumapili, 12 Januari
Asya hakuja kazini. Mkuu wa ofisi kaniita: Khalfan kasema Asya bado hajawa tayari, basi Norwe naenda mie. Nikasema ahsante. Nilisema ahsante!

Jumatatu, 13 Januari
Nimekwenda kwao Darsait baada ya alasiri. Alikuwa kitandani, kajifunika blanketi mbili. Sikukaa.

"Zipu haikufunguka, Asya. Niliiacha wazi. Niliiona, nikaiacha."

Alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Kule chini nilikuwa nakutafuta wewe," akasema. "Si mwalimu. Wewe."

Akageukia ukutani. Nikatoka mwenyewe. Mkewe ami kaniuliza mbona sinywi kahawa. Sikumbuki nilimjibu nini.

Jumanne, 14 Januari
Nimewaambia mkuu na Khalfan. Khalfan hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasema haniruhusu kuzamia tena na mtu yeyote. Mkuu kaniandikia onyo. Nafasi wamempa Asya, akimaliza masomo. Mama kajua kabla ya magharibi. Hajasema nami.

Alhamisi, 6 Februari
Asya kamaliza masomo, kaondoka leo asubuhi. Nilikwenda uwanja wa ndege; mama ndiye aliyeniambia nivae twende. Nikasimama nyuma ya wote. Kawakumbatia mmoja mmoja. Kwangu kanyoosha mkono.

"Haya."

"Safari njema," nikamwambia. Mkono wake ulikuwa na joto.

Ofisini nilifika saa nne. Chupa za maji ya bahari zilikuwa zimepangwa zinangoja kupimwa. Nimezipima zote. Kitu kidogo bado kinaniuma nikifikiria Norwe, sitasema hakiniumi. Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikanawa mikono, nikaenda kuswali.