Baba Amekwenda Posta na Buti za Marehemu

Njia ya Posta ya 2, Sanduku 41,
Cutter's Ford, Alabama.
Jumatatu, 23 Agosti 1965.

Mpendwa mdogo wangu Cleotis,

Kabla ya yote, hujambo? Earline hajambo? Na hao watoto wawili, kikohozi kimewaachia? Ulisema huko Detroit joto la mwaka huu limewashika kooni, nami nikacheka, maana wewe umezaliwa kwenye joto la Alabama na sasa unalalamika kama mgeni. Sisi huku ni wazima. Tunakula, tunalala, mgongo wangu umetulia tangu nipake ile dawa uliyonitumia. Raha tu ndiyo sina, hasa leo.

Nikianza na mambo madogo: mipichi imezaa mpaka matawi yanavunjika, nami nimeshafunga chupa thelathini za matunda yake. Nitakutumia sita kama Earline ataahidi kutozigawa kwa majirani. Wiki ya ibada za uamsho imekwisha Jumapili, watu tisa wamebatizwa mtoni, na mchungaji nusura amwachie Dada Zenobia ndani ya maji kwa uzito. Alitoka akitukana, kisha akakumbuka ameokoka.

Tulisikia redioni habari za California, moto na askari. Niambie kama kwenu ni shwari. Usizunguke mitaani ukitoka zamu, nenda nyumbani moja kwa moja. Najua una miaka arobaini na tatu. Ukubwa ni jalala, mdogo wangu, na mimi ndiye mkubwa, acha niseme.

Nimenyanyuka hapa, nimetazama barabara, nimerudi. Hakuna mtu.

Sasa nikuambie. Baba hayupo. Ameondoka alfajiri kwa miguu kwenda mjini, maili nane, na saa ya ukutani inasema saa nane na robo mchana. Amekwenda posta. Si kuchukua barua. Wametumwa watu wa serikali kuu kutoka Washington, tangu ile sheria ya mwezi huu ipite, wamewekewa meza chumba cha nyuma pale posta wanaandikisha watu kupiga kura. Watu wetu, Cleotis. Bila kupitia kwa yule msajili wa kaunti.

Unajua yule msajili amemfanyia nini Baba. Ofisi yake hufunguliwa Jumatatu mbili kwa mwezi. Mara ya kwanza alimwambia alete mdhamini, mtu aliyekwisha kuandikishwa, aseme anamfahamu. Katika kaunti nzima mtu mweusi aliyeandikishwa wakati ule alikuwa mmoja tu, Linwood Gaines mwenye kazi ya mazishi, na waliamua kwamba yeye ataruhusiwa kudhamini watu wawili tu kwa mwaka. Wawili! Baba alipopata zamu, akampa Corine, yule binti anayefundisha darasa la nne. Akasema Corine ataipiga hiyo kura miaka mingi kuliko yeye. Nilikasirika siku tatu.

Mwaka huu mwezi Januari Gaines akamdhamini. Akafanya mtihani wao wa katiba, wakamwambia umeshindwa, nenda nyumbani. Amekosa wapi? Hawakusema. Basi akarudi akaniambia, Ozella, nisomee tena ile katiba. Tangu Februari mpaka juzi nimemsomea mezani baada ya chakula, kile kifungu cha Seneti, neno kwa neno, naye anarudia. Mtu aliyejifunza kuandika jina lake akiwa na miaka sabini na sita! Mimi nilikuwa nasinzia, yeye macho makavu. Sasa anakiimba hata akikata kuni.

Utaniuliza, kama ni hivyo, mbona huna raha? Kwa sababu ya nyumba, maana hii na shamba lote ni mali ya Bwana Crowe. Jumamosi msimamizi wake alipita hapa, akakataa kuketi, akanywa chai yangu ya barafu amesimama barazani. Akasema, “Bwana Crowe hana ugomvi na mtu yeyote. Anasema tu nyumba zake ni za watu wanaopenda pamba, siyo siasa.” Akanirudishia bilauri, akashukuru, akaenda. Miaka ishirini na sita nimekaa nyumba hii, Cleotis. Mume wangu Wardell alifia chumba cha mbele. Pamba yenyewe ndiyo kwanza inapasuka, na tukitolewa sasa, hata ile tuliyolima hatuivuni.

Nilimsihi Baba angoje tuvune kwanza. Akasema ana miaka sabini na tisa na kungoja amekwisha kukumaliza kote.

Hapa nina la kuungama, na wewe usimwambie mtu, hata Earline. Jana jioni nilificha viatu vyake. Nilivitia kwenye pipa la unga, nikafunika. Niliona mzee hatatoka miguu mitupu na suti ya kanisani. Akaamka gizani, nikamsikia anapapasa chini ya kitanda.

“Ozella, viatu vyangu viko wapi?”

“Sijui, Baba. Labda mbwa.”

“Mbwa gani huyo anakula viatu viwili na kamba zake, anaacha mfupa wa juzi palepale mlangoni?”

Nikajifunika shuka kama mtoto. Nikasikia anafungua kabati la marehemu mume wangu. Buti za kazi za Wardell, unazijua, zile kubwa, na Baba mguu wake kama wa msichana. Akazivaa. Akasimama mlangoni kwangu akasema, “Haya. Wardell atanisindikiza.” Akaenda zake, nikizisikia zinapiga sakafu, kwata, kwata, mpaka uani.

Ndiyo maana nakuandikia mchana wakati nguo za watu ziko kwenye beseni. Nikikaa bila kitu mkononi nitapiga kelele. Mzee wa watu, jua hili, buti mbili zinazocheza miguuni, na barabara yenyewe ndiyo ile inayopita mbele ya nyumba ya Crowe. Akianguka mtaroni ni mimi niliyemwangusha. Nimekwenda mara mbili mpaka kwenye kisanduku cha barua na kurudi. Kuku wananitazama.

Nimeacha kalamu, sasa naendelea. Bi Ludie amepita, yule jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mpwa wake alikuwa anamrudisha kutoka mjini na pikapu. Nilikimbia barabarani na aproni. Nikauliza, “Baba yuko wapi?” Akaanza kucheka mpaka akashika mlango wa gari. Nikamwambia, Bi Ludie, nitakupiga, mtu mzima wewe.

Baba ni mzima! Mstari ulikuwa umezunguka posta mpaka kwenye ghala la mbegu. Yeye alikuwa mbele ya Bi Ludie. Alipofika mezani, yule kijana wa Kizungu kutoka Washington akamuuliza jina, umri, anakaa wapi, amekaa muda gani. Akaandika. Akasema, “Asante, Mzee. Weka sahihi hapa, umemaliza.”

Baba hakuondoka. “Na mtihani?”

“Hakuna mtihani, Mzee. Umefutwa.”

“Umefutwa na nani?”

“Na sheria.”

“Kijana,” akasema Baba, “mimi nimesoma tangu Februari. Niulize.”

Bi Ludie anasema yule kijana aliwatazama wenzake kama anayetafuta mlango. Akaeleza tena polepole, kwamba haihitajiki, hata asiyejua kusoma anaandikishwa. Baba akashikilia ukingo wa meza. Watu nyuma wakaanza. “Arvester, toka bwana, jua linatuua!” Huyo alikuwa Bi Ludie mwenyewe. Naye Baba, bila kugeuka, akamjibu, “Ludie, umengoja miaka sitini na nane. Dakika tatu zitakushinda?”

Akavua kofia, akasimama wima kwenye buti za Wardell, akakisoma kifungu kizima kwa kichwa. Mwanzo mpaka mwisho. Yule kijana akaweka kalamu chini, akasikiliza, na Baba alipomaliza akamwambia amefaulu. Ndipo akatia sahihi. Bi Ludie anasema ile sahihi peke yake ilichukua muda kuliko katiba.

Nikauliza sasa yuko wapi, mbona hamkumpakia? Walimwita, akakataa. Amekwenda kwanza kwa Linwood Gaines kumwonyesha cheti. Amesema mtu aliyethubutu kumdhamini hapaswi kusikia habari hizo kwa watu wengine.

Nilicheka na Bi Ludie, kisha alipoondoka nikaketi ngazini nikalia, sijui kwa nini. Halafu hofu ikarudi palepale. Pikapu ya Crowe imepita hapa mara mbili, mara ya pili taratibu sana, wala dereva hakunipungia mkono kama kawaida yake. Kwa hiyo wanajua. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimeketi tena na kalamu lakini naandika nikisikiliza.

Amefika! Saa kumi na moja na dakika kumi. Nilimwona kwenye kona, anatembea katikati ya barabara miguu mitupu, buti zimefungwa kamba shingoni, koti begani. Visigino vyote viwili vimechubuka, malengelenge makubwa. Nimemketisha barazani, nimemletea beseni la maji ya chumvi, nikamwosha miguu mwenyewe. Sikuweza kumtazama. Nikaenda jikoni nikavitoa viatu vyake, nikavikung'uta, nikaviweka karibu yake vikiwa vyeupe kwa unga.

Akavitazama. “Mbwa huyu,” akasema, “amejifunza kuoka mikate.”

Nami nikamwambia, Baba, nisamehe, niliogopa. Akasema hata yeye aliogopa, toka nyumbani kwa Crowe mpaka darajani magoti yalikuwa yanagongana, ila buti zilikuwa na kelele kiasi kwamba mtu asingesikia.

Cheti ni karatasi ndogo tu. Jina lake limepigwa taipu. Amenipa nikishike, akaniomba nisikikunje. Kesho naenda mimi, Cleotis. Nimeamua nikimwosha miguu. Crowe akitaka kututoa atatutoa kwa jina moja au kwa mawili, na mimi sitaki kutolewa bure. Bi Ludie atanipitia saa kumi na mbili asubuhi. Kama tutatolewa, kanisa limesema litagawa familia majumbani, na mimi nitahitaji unisaidie mawazo, maana Baba kuja Detroit hataki kusikia. Anasema ameandikishwa hapa, atapigia kura hapa.

Sasa ndiyo nifike kwenye jambo lako.

Alipokwisha kula akasema nikuandikie, nikamwambia tayari naandika. Akafurahi. Akasogeza kiti. Akasema, “Muulize Cleotis. Ukishaingia mle ndani, unafanya nini kwanza? Wanasema kuna pazia. Unalivuta mwenyewe au kuna mtu? Na ukikosea, unaweza kurudia? Huko kwao wana mashine za kupigia kura, lakini mwanzo ni mmoja. Yeye ana uzoefu wa miaka kumi na tisa. Mwambie anieleze hatua kwa hatua, nisije nikaaibika.”

Kalamu ilinisimama mkononi. Maana ulipokuja kumzika Wardell, tuliketi barazani hapahapa, ukaniambia hujawahi. Hata mara moja. Ulisema zamu za kiwandani, ulisema mstari ni mrefu, ulisema wote ni walewale. Nilikusikiliza, nikayaweka moyoni, kwa sababu Baba hujisifu kanisani, mbele ya watu wote, kwamba ana mtoto mmoja katika nchi hii anayepiga kura. Husema hivyo kila akirudishwa na yule msajili. Ndicho kilichokuwa kinamrudisha pale tena.

Sikumwambia, na sitamwambia. Lakini naumia, mdogo wangu. Kwako hakuna mdhamini, hakuna katiba, hakuna Crowe. Kuna mstari tu, na leo baba yako amesimama kwenye mstari miguu inavuja damu.

Nimesoma kwamba ninyi mnachagua meya mwezi Novemba. Sisi huku kura yetu ni Mei mwakani. Una nafasi ya kutangulia.

Msalimie sana Earline, mwambie chupa za mapichi zinakuja. Wabusu watoto kwa niaba ya babu yao. Bi Ludie anakusalimu, na Corine, na Linwood Gaines anasema hajakusahau wala ile kofia yake uliyoondoka nayo. Mungu akulinde uendapo kazini na urudipo, aiweke nyumba yako katika amani, nasi atupe pa kulala.

Baba ameniuliza mara mbili sasa kama nimeliandika swali lake. Nimemwambia ndiyo, ila jibu litachelewa mpaka Novemba, kwa kuwa una kazi nyingi. Amesema atangoja. Uniandikie basi, Cleotis, hatua kwa hatua, na yawe ni mambo uliyoyaona kwa macho yako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,

Ozella