Kamba ya Emmaculate Si Dawa ya Mganga

Kisegi,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Mellen, mke wa mwanangu,

Habari ya Mombasa na joto lake? Kifua kimepoa? Mimi niko, ni goti tu linanisumbua. Anayeandika ni Edith fundi wa nguo, na nimemkataza kupunguza ukali. Nasema Kiswahili kwa sababu Kijaluo chako bado ni cha kuomba chumvi.

Emmaculate ni mzima. Lakini nina hasira, mama, hata ugali haupiti.

Unajua mtoto wako hasemi. Mwalimu Liz wa yuniti, lile darasa la watoto wenye mahitaji maalum, alinionyesha: akikosa neno, apewe kitu cha kushika. Nikamfungia kamba ya wavu kiunoni, nikaning'iniza vitu vyake. Kifuniko cha chupa ni maji. Kijiko ni chakula. Ufunguo wa zamani ni choo. Siku alipogusa kijiko mara ya kwanza, nililia mbele ya kuku.

Sasa Liz amehamishwa Rongo, na mahali pake amekuja mwalimu Mosoti. Jumanne akaona ile kamba, akasema ni dawa ya mganga. Akaikata kwa wembe, akaombea darasa! Mtoto alishinda na kiu, akajikojolea, akajiuma mkono mpaka damu. Naye mwalimu eti, "Mnaona? Pepo anatoka."

Pepo! Mimi niliyebatizwa kabla mama yake hajaolewa!

Kesho yake nilienda shuleni, na goti langu hivyo hivyo. "Mwalimu, umemkata mtoto ulimi."

"Nyanya, wewe hujasoma."

"Hata siku moja. Wewe uliyesoma, niambie huyu anataka nini sasa hivi."

Nikampa Emma kifuniko. Akakimbia, akamwekea Mosoti mkononi. Mwalimu akakigeuzageuza.

"Anataka maji," nikasema. "Si uende umletee?"

Akaenda.

Nimefunga kamba mpya, lakini mwalimu mkuu hairuhusu darasani bila barua ya mzazi. Andika leo, si kesho. Job naye aweke sahihi, yeye ni baba, si mgeni.

Msalimie huyo Job. Majirani Teresa na Mayaka wanawasalimu. Mungu awafunike huko mliko.

Na kwenye bahasha tia kipande cha leso yako uliyoivaa, usiifue. Jana Emma alipitisha vidole kwenye kamba yote, akafika mwisho, akaanza tena. Hakuna kitu chako pale.

Akupendaye hata akifoka,
mama mkwe wako,
Jedidah.