Maisha ya R. kwa Picha

Jumatano, 1 Februari 1995

Mvua asubuhi, ya kulaza vumbi tu. Ofisini hakuna kazi. Tangu habari za watu kupunguzwa kazi zianze, hata barua za kupiga chapa zimekauka. Mimi na taipureta yangu tumekaa tunatazamana.

Lakini nimepata kitu! Kwa Batholomeo, muuza magazeti wa karibu na soko. Zamani meza yake ilikuwa na magazeti mawili, leo kila wiki jina jipya. Katikati ya vurugu hiyo, kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kimetolewa fotokopi na kubanwa pini: Maisha ya R. kwa Picha, Namba 1. Nimekichukua bila kufikiri. Mimi na maisha ya watu yaliyochorwa! Ya watakatifu, ya wacheza mpira, ya machifu, nasoma yote. Joha, tunayekaa naye chumba kimoja kazini, anasema mwanamke wa miaka ishirini na sita kusoma katuni ni dalili ya kukosa mume. Mwache. Hajui utamu wake. Kitabu cha maneno kinakuambia "alihuzunika", basi. Picha inakuonyesha mgongo wa mtu anayechota maji, na wewe unajua mwenyewe.

R. ni msichana wa milimani. Amechorwa kwa wino, kila mara kwa nyuma, uso hauonekani. Mchoraji ana mkono! Nimekirudia mara tatu.

Alhamisi, 2 Februari

Nimesoma na Mama. Yaani, "kusoma": Mama hajui herufi hata moja. Alikuja Desemba kutoka Kibakwe kwa ajili ya mguu wake, anakwenda kliniki kila wiki. Ila kwenye picha ananishinda. Mimi nakimbilia maneno, yeye anatazama miguu ya watu na moshi unaelekea wapi. "Huyu mama na mumewe hawasemezani," akasema. Nikafunua ukurasa, kweli, ugomvi! Tumecheka sana. Mwishoni akasema nyumba ni kama za kwetu. Nikamwambia tembe zote zinafanana.

Jumatano, 15 Februari

Namba 2. Hii sikumpa Mama.

Picha ya nne ina kinu. Mdomo umepasuka, umefungwa waya mizunguko mitatu, na ncha ya waya imekunjwa kwa ndani ili isichane kanga ya mtwangaji. Hicho ni kinu chetu. Marehemu Baba alikifunga mwenyewe, mimi nikimshikia koleo. Mwili umenisisimka mpaka Joha akaniuliza kama ni malaria. Nikasema ndiyo.

Basi niandike, maana humu hasomi mtu. Nilikuwa na dada, Ruthu. Machi 1980 alichukuliwa na maji akivuka mto, ana miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa na kumi na moja. Mwili haukuonekana. Ilionekana kanga yake tu, imenasa mtini kule chini. Kwetu mtu aliyepotelea majini haachwi hivihivi. Unakatwa mgomba wa urefu wake, unavishwa nguo yake, unazikwa, na watu wanalia kama kawaida. Mgomba wa Ruthu ulivishwa kanga ileile. Mzee Matonya, aliyekuwa amemposa awe mke wake wa tatu, alitupa udongo akarudi kwake na watu wake. Ndivyo kila mtu anavyojua.

Jumapili, 19 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Mama ameuliza kama yule R. hajatoka tena. Nimesema bado. Kipo chini ya godoro langu.

Jumatano, 1 Machi

Namba 3. Mzee mwenye fimbo anafika na watu wake, wanakaa barazani. R. anapika, hageuki. Na sasa yupo mdogo wake! Kichwa kikubwa, magoti machafu, kidole mdomoni. Hata kovu la goti la kushoto lipo. Nimejicheka, halafu nikaenda chooni kulia.

Hofu yangu ni namba ijayo. Baada ya barazani ni mto. Huyu mchoraji anajua mpaka wapi?

Jumatano, 15 Machi

Anajua mpaka mwisho.

Namba 4, ukurasa wa tisa. Mdogo amesimama ukingoni, kanga mikononi. Ukurasa wa kumi, anaitupa majini.

Ni kweli, niliitupa mimi. Ruthu aliivua akanipa, akabaki na gauni. Akasema: nikishaingia majini itupe, kisha geuka, kimbia nyumbani upige kelele. Usiangalie nyuma, maana ukiangalia utacheka, na ukicheka Matonya atanifuata. Maji yalikuwa ya magotini. Niliitupa. Nikageuka. Nilipofika kwenye mahindi nikasikia mto unashuka kutoka milimani — ile ngurumo ya lori zito, watu wa kwetu wanaijua. Nikaendelea kukimbia. Sikuangalia. Aliniambia nisiangalie!

Basi mpaka leo sijui kama uongo wangu ulikuwa uongo. Alivuka, au nilipiga kelele za kweli? Miaka kumi na mitano. Wakati wa kuuzika mgomba sikutoa chozi hata moja, nilikuwa nasubiri salamu zake. Hazikuja.

Pale mtoni tulikuwa wawili, na mimi sikumwambia mtu. Nyuma ya kijitabu, kwa herufi ndogo: Mchoraji Damas, Kizota.

Jumamosi, 18 Machi

Nimekwenda, asubuhi. Kizota jua kali, karakana zote zinapiga kelele. Nimeuliza Damas mara mbili tu nikaonyeshwa. Mtu wa makamo, anachora vibao vya maduka na milango ya malori, ana rangi mpaka kwenye nyusi. Mchangamfu. Alidhani nimeleta kazi ya kibao.

Nilipomtajia R. akafurahi. Akanieleza anavyofanya: mtu anakuja, anakaa juu ya lile kopo la rangi, anasimulia maisha yake, naye anachora papo hapo. Wengi wanasimulia siku moja wanachoka. Huyu hachoki. Anakuja Jumamosi saa nane, mafundi wakiwa wamekwenda kula.

"Yukoje?" nikauliza.

"Dada, mimi naangalia karatasi. Nikimwangalia mtu, mkono unaharibika."

"Hata mara moja?"

Akafikiri. Miguu ameiona. Miguu ina matope, kila mara, mabichi. Alidhani anatoka shambani. Nikamwuliza shamba gani, Dodoma nzima haijapata mvua tangu wiki iliyopita. Akasema hilo hakulifikiria.

Nikamwuliza umri. Hapo akaweka brashi chini. Akasema ndilo linalomshinda. Mara mbili alitaka kumchora akiwa mtu mzima kwa ajili ya jalada, amechoka kuchora msichana. Mara zote mbili R. alimwambia, "Futa. Huko sijafika."

Akanionyesha Namba 5, karatasi zenyewe, bado hajazipeleka fotokopi. Kurasa za mto, maji yanapanda, nzuri mno, pamoja na hofu yangu nilitaka kuzitazama tena. Ukurasa wa mwisho ni ukingo wa ng'ambo. Nyasi zimelala. Hakuna mtu.

"Yuko wapi sasa?"

"Na mimi nilimwuliza. Akasema mwisho hawezi kuusema yeye. Atakuja mdogo wake kuusema." Akanitazama kwa mara ya kwanza. Kwenye paji, kwenye magoti. Akalivuta lile kopo la rangi karibu yangu, akalipangusa kwa kitambaa. "Karibu ukae, dada."

Sikukaa. Nilitoka bila kuaga, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, Area D.

Jumatatu, 20 Machi

Nimejipangia hivi: Ruthu ni mzima. Yuko hapahapa mjini, ana miaka thelathini na moja, ana watoto, anamwagilia bustani ya mboga ndiyo maana ya matope. Anaona haya kuja, ametafuta njia ya kunigongea mlango. Hakuna lingine!

Nikiwaza hivyo nafurahi hadi saa nne. Halafu nakumbuka "huko sijafika". Leo nimepiga chapa barua moja makosa saba. Joha akasema hata kama ni malaria, hii imezidi.

Alhamisi, 23 Machi

Nimerudi nikamkuta Mama kitandani kwangu, magodoro yote nje juani. Alikuwa anawafukuza kunguni! Na mbele yake amezipanga, Namba 2, Namba 3, Namba 4, kwa mpangilio, hakuna aliyemfundisha.

Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, njoo ukae. Nikakaa sakafuni.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliweka kidole juu ya ile kanga ikiwa hewani. Akasema, "Hii nilijua siku ileile."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mimi ndiye niliyeinasua mtini. Ilikuwa imefungwa fundo. Anayezama hafungi nguo yake fundo. Lilikuwa fundo lako, la mkono wa kushoto." Kweli nililifunga, ili niitupe mbali! Akasema alilifungua kabla wanaume hawajafika, akaikamua, akawapa iwe ya kuvishia mgomba. "Nikalia kushinda wote. Nilitaka Matonya asikie, aende zake. Baba yako amekufa hajui."

Mama. Miaka kumi na mitano, kila mmoja na siri yake, na siri yenyewe moja! Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Akasema, "Sikukuuliza, kwa sababu ulikuwa mtoto, ungesema kwa watu. Lakini nilikuwa nakuangalia. Kila mtu analia, wewe hulii. Nikajiambia, Hilda amemwona akipanda ng'ambo. Nikalala usingizi. Mpaka leo nikiamka na wasiwasi, nakumbuka jicho lako kavu, nalala tena."

Nikasema naenda kusonga ugali. Nimesonga ugali. Tumekula.

Ijumaa, 24 Machi

Nimemwambia habari za Damas. Sikumwambia matope, wala kufuta, wala kwamba nyasi hazina mtu. Nimesema tu kuna mwanamke anasimulia, na kesho saa nane huwa anakuja.

Ameomba nimsuke nywele.

Jumamosi, 25 Machi

Saa tano asubuhi. Mama ameoga tangu alfajiri. Amevaa kitenge cha Krismasi. Amekaanga karanga, amezifunga kwenye karatasi, amesema yule mtoto alikuwa haachi kitu kikiwa kwenye sufuria. Mguu hauumi kabisa, anasema. Tukitoka saa saba tutafika kwa wakati.

Tangu chai ananiuliza jambo moja. Anataka nimweleze jinsi Ruthu alivyopanda ukingo wa ng'ambo. Si kwa haraka, anasema. Picha moja, halafu picha nyingine, kama kwenye kijitabu, ili tukimkuta, Mama awe ameshaiona njia yote aliyopita mwanawe. Nimesema ngoja nitafute viatu. Viatu nimevaa. Nimekaa kitandani naandika haya, na mlango wa chumba hauna kitasa, ni pazia tu.

Nikimwambia sikuangalia, atakwenda Kizota ameshikilia nini? Usingizi wake wote umeegemea jicho langu kavu. Nikimwambia alivuka, nitakuwa nimesema mwisho. Huo ndio mwisho ambao yule msimuliaji wa Kizota ananisubiri niuseme, na sijui anautaka upi. Naogopa. Sijawahi kuogopa mchana namna hii.

Huko sebuleni Mama anavuta kiti karibu na pazia. Naziona ncha za vidole vyake vya miguu.

"Kwanza alishika nini?" anauliza. "Mzizi, au nyasi?"

Nimesema nyasi.

"Eeh," amesema Mama. "Halafu?"